Nilipiga "Jazz" Miaka Tisa Kabla ya Kujua Kwamba Siijui

Simu huwa zinaanza hivyohivyo. "Shikamoo anko, samahani, namba yako nimepewa na MC. Hivi saksofoni zinauzwaje?" Sijamaliza kuitikia, swali la pili limeshafika: harusi moja wanalipa ngapi? La tatu, kwamba kujifunza kunachukua muda gani, wengi hawaliulizi kabisa, na hilo ndilo lililonigharimu mimi kuliko yote. Nimechoka kujibu vipandevipande nikiwa nimening'inia kwenye daladala, kwa hiyo nimeamua kuyaandika mara moja, pamoja na yale ambayo sipendi kuyakumbuka.

Mimi ni zao la tarumbeta za kanisani. Nimekulia Machame, na kwa sisi Walutheri wa Kilimanjaro, Krismasi isiyo na tarumbeta ni Jumapili ya kawaida tu. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la sita. Mwaka 1997 nikashuka Dar es Salaam kutafuta kazi yoyote, nikafikia kwa baba mdogo, Mwananyamala. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa ukumbi mmoja ambamo bendi ya dansi ilikuwa ikifanyia mazoezi mchana, na mimi kwa kukosa shughuli nikawa mtu wa kumpelekea chakula. Siku ya kwanza niliposikia mdomo wa bata (ndivyo tunavyoiita saksofoni, au saksi) ukilia mle ndani, ugali wa baba mdogo ulipoa mikononi mwangu.

Aliyekuwa akiupuliza ni mtu wa miaka sitini hivi. Jina lake nitaliacha, nitamwita Mzee kama tulivyomwita wote. Alipojua natoka kwenye tarumbeta akanipa saksi nijaribu. Nikakaza midomo kama nilivyozoea, nikajaza mashavu, nikapuliza. Ikatoka sauti ya bata kweli, tena bata aliyekanyagwa.

"Mwanangu," akaniambia, "usiibane kama unamzuia mtu asiseme."

Kosa langu lilikuwa la macho. Saksofoni inang'aa kama tarumbeta, ukadhani ni ndugu. Mbelgiji aliyeibuni, Adolphe Sax, ambaye alisajili uvumbuzi wake Paris mwaka 1846, alitaka chombo chenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa klarineti. Kwa hiyo mwili ni wa shaba, lakini sauti inazaliwa kwenye ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mdomo wa saksi. Kwenye tarumbeta midomo yako ndiyo inayotetemeka. Kwenye saksi midomo inatulia, ridi ndiyo inafanya kazi. Kama na wewe unatoka kwenye tarumbeta za kanisani, jipe mwezi mzima wa kusahau.

Mzee alinipa zoezi moja tu. Noti moja, pumzi moja, mpaka pumzi iishe, bila sauti kuyumba. Halafu noti inayofuata. Dakika ishirini kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Nilifanya wiki tatu nikaona ananichelewesha. Vijana wenzangu walikuwa na kanda za Verckys, yule Mkongo aliyepuliza saksofoni OK Jazz kabla ya kuanzisha bendi yake mwenyewe, na mimi nilitaka kulia kama yeye mwezi huohuo. Nikaacha noti ndefu, nikaanza kukariri solo kutoka kwenye kanda, nikirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Nikawa na vidole vya haraka na sauti nyembamba. Ukumbini watu wakishalewa hawatofautishi, kwa hiyo hakuna aliyenisema.

Mwaka 1998 nikaanza kukaa jukwaani pembeni ya Mzee, na hapo nikakutana na jambo ambalo ningeambiwa mapema ningelala usingizi. Vidole vyangu vilikuwa vikijisokota kwenye nyimbo ambazo wapiga magitaa walizipiga huku wakiongea. Nikajiona mzito wa kichwa. Kumbe alto saksofoni, aina niliyokuwa nikipiga mimi, haisemi lugha moja na gitaa: ukipuliza ile unayoiita C, kwenye gitaa inasikika E flati. Bendi zetu ni bendi za magitaa, na magitaa yanapenda E, A, D na G kwa sababu ya nyuzi zake. Bendi ikipiga E, wewe wa alto uko kwenye C shapu, shapu saba, yaani noti zote saba unazipandisha nusu sauti! Ikipiga A, uko kwenye F shapu, shapu sita. Wa tenor, ile saksi kubwa zaidi ya alto, ana nafuu kidogo, E ya gitaa kwake ni F shapu. Usianze na vitabu vinavyokufundisha C na F miezi sita, ukadhani umeiva. Kama utapiga na magitaa, anza na zile zenye shapu nyingi mapema, vidole vizizoee vikiwa bado havijajenga kiburi.

Saksi yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo mwaka 2001 kwa shilingi 380,000. Posho yangu kwa onesho moja wakati ule ilikuwa 5,000, na wiki nyingine geti (hela za kiingilio) likiwa baya tulikuwa tunagawana nauli. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Nusu ya hela nilimkopa baba mdogo. Mzee alikuwa ameniambia kuna moja kuukuu ya Kijapani, imepauka, mwenyewe anataka 300,000. Nikaenda nikaiona, nikaona aibu hata kuishika. Ile ya Kariakoo ilikuwa mpya, ya dhahabu, na sanduku lenye velveti nyekundu.

Miezi minne. Vitufe vyake vilikuwa vya chuma laini kiasi kwamba nikikaza kidogo vinapinda. Noti za juu zilikuwa kali kuliko bendi nzima, za chini zilikataa kabisa kutoka. Nilirudi dukani, muuzaji akaniambia chombo kizima, tatizo ni mpigaji. Niliiuza kwa 120,000 kwa mtu wa kwaya, na mpaka leo nikimkumbuka yule mtu najisikia vibaya.

Siku hizi nikimsindikiza kijana kununua, tunaingia chumba chenye giza na kijitaa kidogo chenye waya. Tunakishusha ndani ya mwili wa saksi, tunabonyeza vitufe kimoja kimoja kwa wepesi, tunaangalia kama mwanga unachungulia pembeni ya vifuniko. Unapochungulia mwanga, hewa nayo inachungulia. Tunakagua kama vifuniko vya ngozi vimekauka na kupasuka. Tunatikisa vitufe kusikia vinavyocheza. Rangi hatuitazami. Na kama unaweza, nenda na mtu anayepuliza, yeye ajaribu noti ya chini kabisa kwa sauti ndogo. Ikitoka bila kulazimishwa, mnaweza kuanza kuongea bei.

Mwaka 2003 Mzee akaacha kupiga, kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Akaniuzia saksi yake kwa mafungu. Naandika "kuuza" lakini ukweli ni kwamba alinipa, zile hela zilikuwa za kunifanya niiheshimu. Nilichoifanyia ile saksi ndicho kinachofuata.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mwananyamala, nyumba ya wapangaji sita. Mama mwenye nyumba alinivumilia wiki mbili. "Baba, hicho kitu chako kinamliza mjukuu wangu," akasema, na mimi nikamwelewa. Hapo ndipo rafiki aliyekuwa akisoma majarida akanisimulia habari za Sonny Rollins: kwamba mwaka 1959, akiwa tayari ana jina kubwa New York, aliacha kupiga hadharani, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani, akawa anakwenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, usiku na mchana, mpaka mwaka 1961. Nilipenda sana hiyo hadithi. Rollins alikuwa na Williamsburg, mimi nina daraja la Salenda, hapahapa Dar.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikishuka Salenda jioni, nasimama upande wa bahari, napuliza kuelekea majini. Magari yanapita nyuma yangu, hakuna anayelalamika. Upepo ulikuwa mtamu. Sikujua kwamba ule upepo ulikuwa na chumvi, na kwamba chini ya vitufe vya saksofoni kuna springi nyembamba kama sindano, za chuma, zaidi ya ishirini. Nilikuwa naifunga saksi kwenye sanduku bila kuikausha, mate ndani, chumvi nje.

Jumamosi moja, ukumbi umejaa, waimbaji wametupisha, ni zamu ya midomo ya bata na tarumbeta kuingia pamoja. Nikasikia kitu kimekatika chini ya kidole, tiki. Springi ya kitufe cha F. Kifuniko kikalala chenyewe, na kuanzia hapo kila nikigusa G inatoka F. Wenzangu wawili wanapanda, mimi nashuka. Kiongozi wa bendi alinigeukia, hakusema neno, akanigeuzia mgongo tena. Nikabaki nimeishika saksi mdomoni nikijifanya napuliza hadi wimbo ukaisha.

Jumapili nikampelekea Mzee kwake Temeke. Aliipokea, akaisogeza dirishani, akavaa miwani. Springi zote zilikuwa na kutu, vifuniko viwili vimevimba, ukijani umeota kwenye viungo. Alikaa nayo muda mrefu.

"Uliipeleka kuvua samaki?"

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi saa mmoja Kariakoo, mtu ambaye hakuwa ameshika saksofoni maishani mwake. Fundi aliitazama ile springi iliyokatika kupitia kile kioo chake cha jichoni, akafungua droo, akatoa pakiti ya sindano za kushonea. Akachagua moja, akaichoma kwenye moto wa spiriti mpaka ikageuka bluu, akaikata, akaibonyeza mwisho wake kwa koleo ikawa bapa, akaisukuma kwenye tundu. Kitufe kikainuka. Alitaka 3,000. Nilimpa 5,000 na nikarudi mara nyingine tisa, mpaka zote zilizooza zikaisha.

Kwa hiyo wewe unayekaa mji wa pwani: usifanyie mazoezi ufukweni, hata kama picha zinapendeza. Ukimaliza kupiga, vuta kitambaa ndani ya mwili mara mbili, futa shingo, toa ridi, osha mdomo wa saksi kwa maji ya baridi. Vifuniko vikinatanata, weka karatasi nyembamba ya kusokotea sigara chini yake, bonyeza, inyonye unyevu. Kama majirani ni tatizo, ingia kabatini kwenye nguo. Sifanyi utani, nguo zinameza sauti kuliko ukuta. Na ridi usitumie moja mpaka ife. Kuwa na nne, zipokezane, anza na namba 2 au 2 na nusu (namba ikipanda, ridi ni ngumu zaidi). Wavulana wanapenda kuanza na 3 ili waonekane wana mapafu.

Sasa nifike kwenye hiyo jazz.

Bendi nyingi nilizokua nikizisikia zilikuwa na neno hilo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Tabora Jazz, Vijana Jazz, NUTA Jazz iliyoanza 1964 na ambayo leo ni Msondo. Kwetu "jazz" ilikuwa na maana ya bendi ya kisasa, yenye magitaa na vyombo vya kupuliza. Nyimbo zenyewe ni dansi, zina damu ya rumba, na mimi sina ugomvi nazo, ndizo zilizonilea. Lakini nilikuwa najitambulisha kwa watu kwamba mimi ni mpiga jazz, na nilikuwa naamini.

Mwaka 2007 maonesho ya dansi yalikuwa yamepungua, vijana wako kwenye Bongo Fleva, geti halilipi. Mpiga kinanda mmoja Mkenya akaniita hoteli moja kubwa mjini, wanatafuta saksofoni ya jazz kwa jioni za Ijumaa. Nikavaa suti ya kuazima. Meneja kakaa kwenye kochi na kahawa yake. Mkenya akasema, "Tuanze na bluzi, F," akahesabu, tukaingia. Bluzi nilibahatisha. Ina baa 12 (vipande vya mapigo ya muziki, si za bia) na kodi tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja, si za serikali), sikio likanisaidia. Wimbo wa pili ulikuwa na baa 32, na kodi zake zilikuwa zinahama karibu kila baa. Nilipopewa zamu ya kupiga solo nikatoa kila nilichokuwa nacho, vile vipande vyote nilivyokariri kwenye kanda, kwa kasi, nimefumba macho. Nilipofumbua, mpiga besi alikuwa anatazama sakafu.

Mkenya alinisindikiza hadi kwenye lifti. "Kaka, una vidole. Lakini ulikuwa unapiga wimbo wako, sisi tuko kwenye mwingine."

Meneja alinipa 10,000 ya nauli.

Baadaye nikaja kujua kwamba Charlie Parker mwenyewe, akiwa kijana mdogo Kansas City, alipotea kwenye solo mpaka mpiga ngoma Jo Jones akamrushia sahani ya drams miguuni, ukumbi ukacheka. Akaenda kujifungia na mazoezi. Hiyo hadithi inasimuliwa sana kwa sababu huyo kijana akaja kuwa Parker. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke na mtoto, na nilikuwa nimejiita mpiga jazz kwa miaka tisa. Nilipanda daladala nimekumbatia sanduku, nikashuka kituo kimoja kabla ya kwangu ili nitembee.

Tofauti niliyokuwa siijui ni hii. Kwenye dansi, sisi wa kupuliza tunasubiri. Mwimbaji anasimulia, magitaa yanasuka, halafu muziki ukichanganya sisi tunaingia pamoja na vipande vilivyopangwa, vilivyokaririwa, watatu kama mtu mmoja. Ukiongeza cha kwako unaharibu. Kwenye jazz unapewa ramani ya kodi na unatakiwa kutunga wimbo mpya palepale, kila kodi inapohama nawe uhame nayo, na watu wasikie kwamba unajua uko wapi. Ni kazi mbili tofauti kwa chombo kimoja. Anayeijua moja hajaijua nyingine, na hili nawaambia pia wale waliotoka vyuoni wakidharau dansi. Waje wasimame na Msondo usiku mmoja tuone kama watajua wapi pa kunyamaza.

Nikaanza upya. Kuanzia 2008, kila baada ya wiki mbili, nilipanda boti kwenda Unguja, kwenye kile chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichoanza 2002 pale Mji Mkongwe. Ijumaa usiku napiga Dar, Jumamosi asubuhi niko bandarini na macho mekundu. Nalala kwa rafiki Michenzani, Jumapili narudi. Boti, ada na chakula vilikula karibu theluthi ya kipato changu, na mke wangu alinivumilia kuliko nilivyostahili. Nilikuwa najifunza kusoma noti pamoja na watoto wa miaka kumi na nne, na walikuwa wananisahihisha.

Na unajua mwalimu alinipa nini siku ya kwanza? Noti moja, pumzi moja, mpaka pumzi iishe.

Kilichonifungua kichwa kuhusu kodi hakikuwa kasi. Mwalimu alinikataza kupiga zaidi ya noti moja kwa kila kodi: noti ya msingi tu, wimbo mzima, mara ishirini. Kisha mbili. Kisha akaniambia niimbe kwanza kwa mdomo, nikishindwa kuimba nisipulize. Wimbo mmoja kwa mwezi, ukimalizika unaupiga kwenye funguo nyingine, yaani ukiuanzia noti nyingine. Kwa mwaka nilikuwa na nyimbo kumi na moja ambazo nazijua kweli, na kumi na moja zinatosha kupata kazi. Yule Mkenya aliniita tena mwaka 2010. Safari hii mpiga besi alinitazama usoni.

Muscat, kule Oman, nitaieleza kwa kifupi kwa sababu bado inaniuma. Mwaka 2012 wakala mmoja alinipatia mkataba wa hoteli: dola 900 kwa mwezi, chumba na chakula bure, siku sita kwa wiki. Hivyo ndivyo alivyosema kwa mdomo. Karatasi ilikuwa ya Kiarabu na Kiingereza, kurasa saba, na niliitia saini juu ya boneti ya gari. Sikupita BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wala kumwachia mtu nakala. Nilipofika, pasipoti ikawekwa kwenye sefu ya ofisi, siku zikawa saba, na mwisho wa mwezi nikapokea kama dola 520.

Pale kwenye ukumbi wa mapokezi alikuwa akija mzee mmoja wa kanzu na kilemba, ananywa chai peke yake. Siku moja alinisikia nikiongea na nyumbani kwa simu.

"Wewe mtu wa wapi, baba?"

"Shikamoo mzee. Mimi wa Moshi."

"Marahaba. Mie mzaliwa wa Malindi, Unguja. Nipigie taarabu kidogo basi, hizo nyingine siku zote nazisikia."

Nilikuwa nimeokota mbili tatu kule Mji Mkongwe. Nikampigia, polepole, bila mapambo. Akawa anakuja kila wiki. Nilipomweleza habari za mshahara akaniambia nilete karatasi. Aliisoma ile ya Kiarabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akinitafsiria. Siku saba zilikuwemo. Makato ya chumba yalikuwemo. "Hawakukuibia," akasema, "wewe ndiwe uliyewapa." Nilimaliza miezi kumi na mmoja na nikarudi na akiba isiyofika milioni mbili. Kijana, ukiitwa nje, tafuta mtu wa kukusomea kila ukurasa kabla ya kalamu. Uliza siku, saa kwa usiku, nani analipa tiketi ya kurudi ukivunja mkataba, pasipoti inakaa kwa nani. Mwachie nakala mtu nyumbani. Na ukija na ridi, njoo na za mwaka mzima, kwa sababu viyoyozi vya kule vinazikausha na kuzipinda.

Mwaka 2016 bodaboda iliniangusha Mbezi nikapoteza jino la mbele la juu. Kwa mtu mwingine ni sura; kwa sisi meno ya juu ndiyo yanayokaa juu ya mdomo wa saksi. Miezi saba sikupiga. Jino la kuvaa na kuvua lilikuwa linahama nikipuliza, ikabidi niweke la kudumu, na hilo lilinigharimu zaidi ya saksi yangu ya kwanza. Mwambie daktari wa meno kwamba wewe ni mpulizaji kabla hajagusa kitu, na ikiwezekana akutengenezee kielelezo cha meno yako ukiwa bado mzima, akitunze. Mimi jino langu ilibidi likisiwe kutoka kwenye picha ya harusi.

Halafu Machi 2020. Mikusanyiko ikasimamishwa kwa sababu ya korona, hoteli ikaniambia nisije mpaka nipigiwe simu. Wiki ileile, tarehe 24, nikasikia Manu Dibango, yule Mkameruni wa saksofoni, amefariki Ufaransa kwa ugonjwa huohuo. Siku hiyo nilipiga noti ndefu peke yake, saa nzima, kabatini kwenye nguo za mke wangu. Ile simu ya hoteli sijapigiwa mpaka leo.

Ndiyo maana mnanikuta kwenye harusi. Sioni aibu. Jazz napiga Aprili 30, ile Siku ya Kimataifa ya Jazz ambayo hoteli zote zinakumbuka kwa pamoja kwamba zinatupenda, na Alhamisi mbili kwa mwezi na wenzangu watatu kwa hela ya nauli na chakula. Send-off, kitchen party na harusi ndizo zinazolipa ada za watoto. Unapiga nyimbo za Bongo Fleva juu ya muziki uliorekodiwa, unazunguka mezani, unamlilia bibi harusi, mashangazi wanakutunza. Wapo wanaosema huo si muziki. Ukiwa na sauti nzuri kwenye noti moja ndefu, shangazi atalia, na hiyo haidanganyi.

Ila zijue kamati za harusi. Ukiambiwa saa 12 jioni, utapanda saa 3 usiku, kwa hiyo usiloweshe ridi mapema. Beba muziki wako kwenye flashi mbili na kwenye simu, maana DJ atakuambia flashi haisomi. Ongea na MC kabla, muelewane ishara ya kuingia. Chukua nusu ya malipo siku unayokubali tarehe, na nusu kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Ukikubali kulipwa baadaye, jua kwamba hela iliyobaki huwa inaisha kwenye sherehe ya kuvunja kamati, na utaalikwa huko ukapige bure.

Mzee alifariki mwaka 2014. Saksi yake ndiyo ninayopiga, imepauka zaidi, ina sindano kumi za kushonea ndani yake. Jumamosi hii nina harusi Kimara. Nusu ya kwanza wamelipa, ya pili mweka hazina ameniahidi kwa herufi kubwa kwenye WhatsApp kwamba nitaipata kabla ya keki.